Waya Uliosubiri Mvua

Kwao Taru, watu walimjua Kalama wa Mwinga kwa mikono yake mizito kabla hawajamjua kwa jina. Babake alifuga ng'ombe na mbuzi kando ya barabara kuu ya Nairobi, na wanawe aliwalea kwa bakora. Ikafika siku Kalama akaidaka bakora ile ikiwa bado hewani, akaivunja vipande viwili mbele ya babake. Kakake Fondo alikuwa kando akicheka. Kalama akamgeukia, akamvunja mkono. Hakungoja kuambiwa aondoke. Alidandia lori la mbuzi lililokuwa likiteremka Mombasa, akavuka feri ya Likoni, akaenda kusini hadi shamba moja la mkonge chini ya vilima vya Shimba, upande wa kuelekea Msambweni, ambako walikuwa wakitaka watu wenye nguvu.

Pale alipelekwa nyumba ya injini, akawekwa chini ya fundi Suleiman, mtu wa Majoreni, mfupi, mpole wa sauti, asiyekosa sala hata moja. Injini ile ya dizeli ndiyo iliyozungusha mashine ya kukwangua mkonge na ndiyo iliyotoa stima ya shamba zima. Kalama alipigana na wapakiaji, akapigana na walinzi, akapigana na mpishi wa meneja kwa sababu ya kikombe cha chai. Suleiman hakumkemea. Alimwita siku moja nyuma ya injini, akamwonyesha ncha ya waya iliyo wazi.

"Wewe si shujaa?" alimwuliza. "Simama juu ya ule ubao, ujifute mkono vizuri, halafu gusa hapa."

Kalama akagusa. Mkono ukamruka wenyewe kama uliopigwa fimbo kwenye kiwiko. Akacheka.

"Ndiyo hiyo tu, fundi?"

"Ndiyo hiyo tu. Sasa vua kiatu, ukanyage pale sakafuni penye maji, ulambe kidole, kisha uguse tena."

Kalama alikanyaga maji, akalamba kidole, akanyoosha mkono. Kabla hajafika, Suleiman alimchapa kofi lililomwangusha ukutani. Lilikuwa kofi la mtu asiyepiga watu, na kwa hiyo lilikuwa na nguvu za miaka yote.

"Ungekufa, baradhuli wewe! Ungekufa hapo hapo, na mimi ningekuosha leo hii!" Kisha fundi akachuchumaa karibu naye. "Sikiliza. Waya ni ule ule. Injini ni ile ile. Volti ni msukumo, na msukumo hauongezeki kwa sababu wewe umelowa. Kinachobadilika ni mwili wako. Ngozi kavu ni kaidi, inaukatalia umeme, kwa hiyo kinachopenya ni kidogo, kinauma kisha basi. Ukilowa, ukaidi umekwisha. Msukumo ule ule sasa utapitisha mara kumi, mara ishirini zaidi. Na kinachomuua mtu ni hicho kinachopita ndani yake. Umefahamu?"

"Nimefahamu, fundi."

"Hujafahamu. Utafahamu siku utakapoogopa."

Kalama aliogopa tangu siku ile. Stima ilikuwa kitu cha kwanza kumpiga asichoweza kukirudishia, na kidogo kidogo hofu hiyo ikamtuliza. Aliacha kupigana. Suleiman aliposhikwa na kifua akarudi kwao Majoreni, injini ilibaki mikononi mwa Kalama.

Akaoa. Mkewe aliitwa Kathini, binti wa Ndambuki, Mkamba aliyetoka Machakos na kupewa ardhi kwenye skimu ya makazi iliyopakana na shamba la mkonge. Ndambuki alikuwa mtu wa misheni, mwenye maneno machache na upinde mkubwa uliotundikwa juu ya mlango. Watu wa Kalama walimcheka kwa kuoa bara. Yeye alimpenda Kathini kwa kuwa hakumwogopa. Siku ya kwanza alipomwinulia sauti, Kathini aliokota mchi wa kinu, akasimama nao katikati ya nyumba bila kusema neno, mpaka sauti ikashuka.

Mwaka uliofuata Uhuru, vuli ilipita bila mvua. Kule nyika, Kinango na Samburu na Taru, mabwawa yalikauka yakapasuka, na wafugaji wakateremka pwani na mifugo yao wakitafuta maji. Bwawa la shamba la mkonge lilikuwa bado limejaa. Meneja, mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Makofi kwa sababu iliyo wazi, aliwaambia walinzi wasiruhusu hata ndama mmoja kunywa. Walinzi wakapiga watu. Wafugaji nao wakapiga walinzi. Mlinzi mmoja alitobolewa jicho kwa fimbo, na mzee mmoja wa Samburu alikanyagwa na ng'ombe wake mwenyewe walipofukuzwa kwa risasi za hewani, akafa njiani akirudi kwao.

Baada ya hapo Bwana Makofi akamwita Kalama.

"Zungusha waya kwenye bwawa lote, kisha uunganishe na stima."

"Bwana, waya huo utaua mtu."

"Utawauma, watajifunza."

"Sasa ni kiangazi, Bwana. Ardhi ni kavu, na watu wamevaa makubadhi ya ngozi. Mvua ikinyesha..."

Kofi lilimfika kabla hajamaliza. Kalama alikuwa na nguvu za kumvunja mtu yule shingo, na mikono ilimwasha kwa kutaka. Lakini Kathini alikuwa mjamzito, na nyumba waliyolala ilikuwa ya shamba. Akachukua koleo, akaenda bwawani. Vikombe vya kaure vya kutenga waya havikutosha hata robo ya mzunguko, hivyo mahali pengi aliufunga moja kwa moja kwenye nguzo, na nguzo zenyewe zilikuwa vigogo vikavu vya mkonge. Swichi yake aliiweka ndani ya kibanda cha walinzi.

Waya ukauma kiangazi kizima. Ng'ombe wakaujua, wakawa wakifika karibu wanatoa macho na kurudi nyuma. Wachungaji wakaujua pia, wakaanza kuuzoea. Waligundua kwamba ukiuinua kwa fimbo kavu haukuumi hata kidogo, na walinzi wakisinzia, mbuzi waliweza kupenyezwa chini yake mmoja mmoja. Vijana walishindana nani ataushika muda mrefu zaidi. Jefwa, kijana mwenye mabega mapana aliyekuja na shemeji yake kutoka Kinango, aliushika akahesabiwa mpaka tano, akauachia akitukana na kucheka.

Shemeji huyo aliitwa Thoya, mume wa dadake, Kahaso. Thoya alikuwa na ng'ombe wengi walioanza kupungua, na hasira ya mtu anayeona mali yake ikifa imesimama. Siku moja ng'ombe wake waliingia kwenye mihogo ya Ndambuki, wakaing'oa wakatafuna mpaka mizizi. Ndambuki alimpiga fahali mshale wa paja. Thoya alifika na fimbo, wakashikana palepale katikati ya mihogo, wakagaragazana kama watoto, na Thoya akamng'oa mzee meno mawili. Waliamuliwa na majirani. Chifu akasema kesi yao itasikizwa mvua ikishanyesha, kwa kuwa wafugaji walikuwa wakihamahama.

Ndambuki, damu ikimtoka mdomoni, alinyoosha kidole mbele ya watu wote.

"Mvua ikinyesha utanijua mimi ni nani!"

Alikuwa na maana ya kesi, lakini watu waliyachukua maneno yale kama yalivyosikika.

Masika yaliingia alfajiri moja kwa kishindo. Mvua ilinyesha kama mbingu iliyotoboka, ikanywesha ardhi, ikalowesha nguzo, ikageuza ukingo wa bwawa kuwa tope jekundu. Ikakatika jua lilipopanda. Kalama aliwasha injini kwa kazi ya asubuhi, na mara akaisikia ikiguna. Ilikuwa ikivuta mzigo usiokuwapo, maana mashine ya mkonge ilikuwa haijafungwa mkanda bado. Taa ya juu ya kichwa chake ilififia ikawa nyekundu. Alisimama akisikiliza, akajiuliza stima inakwenda wapi. Ndipo alipokumbuka nguzo. Vile vigogo vya mkonge vilikuwa vimelowa mpaka moyoni, ukaidi wao umekwisha, na kila nguzo moja ilikuwa ikimwaga stima ardhini.

Akaizima injini, akakimbia bwawani.

Thoya alikuwa amefika kabla yake. Alikuja na ng'ombe wake mapema akijua walinzi wangejificha mvua. Makubadhi yalikuwa yamemkwama kwenye tope, akayavua. Shati na shuka vilimganda mwilini. Akafanya kama walivyofanya wote kiangazi kizima: akatia fimbo yake chini ya waya, akauinua. Lakini fimbo nayo ilikuwa imelowa. Jefwa, aliyekuwa nyuma ya kundi, aliona shemeji yake akitetemeka mwili mzima kama mtu aliyepandwa na pepo, taya zimebana, sauti haimtoki. Alipoanguka, aliuangukia waya kwa kifua. Harufu ya nywele zilizoungua ikaenea, ng'ombe wakatawanyika wakilia. Jefwa alipita katikati yao akipiga mayowe, akaushika waya kwa mikono miwili auondoe juu ya mtu.

Waya haukumuuma. Ulikuwa kimya kama kamba ya kuanikia nguo.

Kalama alipofika alimkuta Jefwa amepiga magoti kwenye tope, kichwa cha Thoya mapajani. Kiganja cha maiti kilikuwa kimekunjwa kuizunguka fimbo, hakifunguki. Kifuani pamechorwa mstari mweusi.

"Waya hauna kitu!" Jefwa alipaza sauti. "Nimeushika kwa mikono yangu miwili! Shemeji hakuuawa na waya. Huyu karogwa, kaliwa na mtu!"

Kalama akafungua kinywa. Wakati huohuo Bwana Makofi alikuwa amekwisha kufika, bunduki ya marisawa begani, na alikuwa ameyasikia maneno yale. Alimshika Kalama shati akamvuta kando.

"Waya ulikuwa umezimwa tangu jana," alimwambia. "Umesikia? Ukisema vingine, aliyeufunga ni wewe. Utanyongwa wewe. Rudi ukawashe injini, na ule waya uache ulivyo, usiutie stima mpaka nikuambie."

Kalama akaishusha swichi kibandani, akarudi akawasha injini. Alikaa mbele yake, na kila alipofumba macho aliona kiganja kile kilichokunjwa.

Maiti ilibebwa hadi kwenye vibanda vya wafugaji. Kahaso alipoiona hakulia. Alijipiga kichwa kwenye mhimili wa kibanda mpaka paji la uso likapasuka, wanawake wakamshika mikono. Jefwa alisimama katikati ya watu, na maneno ya Ndambuki yakatajwa. Mvua ikinyesha utanijua. Na mvua imenyesha, siku ya kwanza, asubuhi ya kwanza. Nani asiyemjua yule Mkamba, hacheki na mtu, anaongea peke yake shambani? Mutsai, mchawi, akasema mmoja, na neno likipata mdomo wa kwanza hupata midomo mia.

Jua lilikuwa utosini Kathini alipoingia nyumba ya injini akihema, tumbo kubwa mbele, leso imemwanguka.

"Wanamuua baba!" alisema. "Kalama, wanamuua baba, wanasema kamroga Thoya!"

Kalama aliokota spana kubwa ya chuma, akatoka mbio.

Nyumba ya Ndambuki ilikuwa ikiwaka moto. Makuti ya juu yalikuwa yamelowa, yakitoa moshi mzito wa manjano, na ndani mlikuwa na sauti za vitu vikipasuka. Mzee alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya ghala kwa kamba ya mkonge. Upinde wake ulikuwa umevunjwa, na nusu yake ndiyo waliyokuwa wakimpigia. Jicho moja lilikuwa limefumba, sikio limechanika, na mvi za kifuani zimekuwa nyekundu.

"Sema ulimfanya nini!" Jefwa alikuwa akipiga kelele. "Sema!"

"Mungu anajua," Ndambuki alisema kwa mdomo uliovimba. "Sikumfanya kitu."

Jefwa akainua tena. Kalama alimfikia na spana, akampiga ya bega, akamgeukia wa pili akampiga ya mbavu, akasikia mfupa ukilia. Wa tatu alimdaka shingo. Mikono yake ya Taru ilirudi yote siku ile. Lakini watu walikuwa wengi. Walimwangusha, wakamkalia, na mmoja akamkanyaga uso ukazama kwenye tope.

"Wewe umeoa kwao, umekuwa wao!" Jefwa alimwambia, akishika bega lake lililopigwa. "Nyamaza, ama tukufunge naye."

Kalama akatema tope.

"Ni mimi!" alisema. "Mwachieni mzee. Ni mimi niliyeufunga waya ule, na ni waya uliomuua Thoya."

Jefwa akacheka kicheko kibaya.

"Waya? Mimi nimeushika waya ule mara ngapi? Hawa wote wameushika. Na leo nimeushika Thoya akiwa juu yake, haukuniuma. Unamkinga mkweo kwa uongo wa kitoto."

"Leo haukukuuma kwa sababu nilikuwa nimeizima injini. Niliizima nikachelewa. Twendeni bwawani. Nitawaonyesha. Nikiwa mwongo, tufungeni sote wawili."

Kahaso alikuwa amefika, damu imemkauka usoni. Aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi akasema neno lake la kwanza.

"Twendeni. Nataka kuona."

Wakaenda, Ndambuki akiburutwa kwa kamba, Kathini akimshika mkono asianguke. Walinzi walipouona umati walikimbia wakaacha kibanda wazi. Injini ilikuwa ikinguruma kule kiwandani. Kalama aliomba kitita cha singa kavu, nyuzi za mkonge, kutoka ghala la kiwanda, wakakileta, akakiweka ukingoni karibu na waya. Akajifuta mkono kwa majivu ya moto wa walinzi mpaka ukawa mweupe, akajifuta miguu, akasimama juu ya kitita.

"Tia stima," alimwambia Kathini. "Swichi imo kibandani. Ukiipandisha, iko. Ukiishusha, haiko."

Kathini akaipandisha. Kalama akaugusa waya kwa upande wa nje wa vidole. Mkono ukamruka, akakunja uso, lakini alikuwa hai amesimama mbele yao.

"Mmeona," alisema. "Huu ndio waya mlioucheza kiangazi kizima. Sasa nipeni mnyama."

Hakuna aliyesogea. Kahaso akaenda kwenye kundi la mumewe, akarudi akivuta beberu kwa pembe.

"Mchukue huyu," alisema. "Alikuwa wake."

Kalama akammwagia beberu ndoo ya maji, akamsimamisha kwenye tope, akamsukuma kwa ubao mkavu. Pua ya beberu iligusa waya. Sauti iliyomtoka ilikatwa katikati. Alikakamaa miguu yote minne, akatetemeka, macho yakageuka, kisha akadondoka ubavu na ulimi nje. Mkojo ukamtiririka. Watu walirudi nyuma wakakanyagana.

"Waya ni ule ule!" Kalama alisema, na sasa alikuwa akilia. "Injini ni ile ile, nguvu inayosukuma haikuongezeka. Mimi ni mkavu, ngozi yangu imeikataa, ikapita kidogo. Huyu amelowa, hana cha kukatalia, imempita yote mpaka moyoni. Thoya alikuwa amelowa, miguu mitupu. Hakuna uchawi hapa. Bwana Makofi aliniamrisha, nikamwambia mvua ikija utaua, akanipiga, nikaufunga."

Jefwa alimtazama beberu kwa muda mrefu. Akaikata kamba ya Ndambuki kwa kisu chake, bila kumtazama usoni. Kisha akageuka.

"Ulijua," alimwambia Kalama.

"Nilijua."

"Ulijua mvua ikija utaua. Ukaufunga. Ukatuona tukicheza nao, ukanyamaza."

"Ndiyo."

Rungu la kwanza lilimpiga Kalama kwenye mkono wa kulia aliouinua kujikinga, na vidole vikavunjika kama vijiti. Mkono ule haukumpiga mtu tena. Wakampiga kwa fimbo, kwa mateke, kwa mawe ya ukingoni. Kahaso mwenyewe aliokota jiwe, akampiga la kichwa, akalitupa, akakaa chini. Kisha Jefwa akasema, "Naye alowe," wakamburuta hadi majini, wakamchovya, wakamwinua wanaume wanne, wawili mikono, wawili miguu, wakamyumbisha mara moja na kumrusha juu ya waya.

Kalama aliuhisi waya ukimkata kifuani. Alingoja. Alisikia ndege, akasikia maji yakimdondoka, akashangaa kwamba maiti husikia.

Kathini alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda. Swichi alikuwa ameishusha, na panga la walinzi lilikuwa mkononi mwake.

"Atakayekuja kuipandisha," alisema, "aje na mkono asioutaka."

Tumbo lake lilikuwa kubwa, na panga halikutikisika. Hakuna aliyekwenda. Ndambuki, aliyekuwa akiona kwa jicho moja, alipita katikati ya watu waliomfunga, akamshusha mkwewe kutoka kwenye waya, akamlaza begani.

"Tulia, mwanangu," alimwambia. "Tulia."

Umati haukuwa na mahali pa kuitua hasira yake. Ukaelekea kiwandani. Bwana Makofi alifyatua bunduki kutoka barazani, marisawa yakamchana Jefwa paja, lakini nyumba ya injini ilishatiwa moto, na pipa la dizeli likaruka kwa mlipuko uliosikika hadi barabara ya Msambweni. Polisi walifika wakati wa alasiri. Kufikia siku ya kesi kule Kwale, meneja alikuwa amevuka mpaka wa Lunga Lunga, hakuonekana tena. Kalama aliyasema mahakamani yale yale aliyoyasema bwawani, hakupunguza. Alifungwa kwa kuufunga waya. Jefwa alifungwa kwa moto.

Wakakutana gerezani. Siku ya kwanza Jefwa alimpiga kichwa cha pua mbele ya askari. Kalama aliipangusa damu kwa mkono wa kushoto, kwani wa kulia ulipona umepinda na haukushika tena koleo. Miezi ilipita bila salamu. Kisha siku moja, wakiponda mawe, Jefwa alisema bila kuinua kichwa:

"Nilipoushika ule waya. Ulikuwa umeizima injini zamani?"

"Hapo hapo. Ulipokuwa ukipita kati ya ng'ombe, nadhani."

"Ungeizima mapema kidogo."

"Ndiyo."

"Na ungechelewa kidogo zaidi, ningekufa na mimi."

Kalama akavuta jiwe jingine. Wakaendelea kuponda.

Kalama alipotoka gerezani, mwanawe alikuwa akitembea. Ndambuki alikuwa amejenga upya, na wakaanza kulima pamoja, mzee akishika jembe kwa mikono miwili na Kalama kwa mmoja na nusu. Jambo la kwanza aliloomba Kalama ni kupelekwa kwa Kahaso, ambaye hakurudi Kinango. Alikuwa amebaki na ng'ombe waliosalia, karibu na barabara ya kuteremkia Msambweni. Ndambuki akaenda naye.

Walimkuta akikamua. Hakusimama.

"Nimekuja kukupa pole, mama," Kalama alisema.

"Sitaki pole. Niambie kitu kimoja. Aliumia sana?"

Kalama alikuwa na uongo tayari, aliokuwa ameufikiria njia nzima. Akautazama uso wa yule mama na kovu lake la paji, akashindwa kuutoa.

"Aliumia," alisema. "Si kwa muda mrefu. Moyo husimama. Lakini kabla haujasimama, mtu anajua."

Kahaso alikamua mpaka kibuyu kikajaa. Alimpa Ndambuki maziwa, mzee akanywa, akamrudishia. Kalama hakupewa.

"Ulisema mbele za watu ulipoweza kunyamaza," Kahaso alisema mwishowe. "Kama si wewe, tungekuwa tumemuua mzee huyu bure, na damu yake ingekuwa juu ya watoto wangu. Hilo nalijua. Lakini usipite hapa tena. Nikikuona, nashika jiwe."

"Nimesikia, mama."

Hakupita. Kwa miaka yote iliyobaki, Kalama alipokwenda Msambweni na mihogo yake alizunguka kwa njia ya juu, ya mawe, mbali mara mbili, kiangazi na masika. Kathini alipomwuliza kwa nini asimwombe Jefwa amsemee kwa dadake, alijibu kwamba njia ile ya juu haikuwa mbaya, na akaendelea kupakia baiskeli.